Mpokezi wa Kwanza wa Toleo la Saba

Sekela Mwambene alikuwa na msimamo mmoja kuhusu mashujaa wa vibonzo, na alikuwa tayari kuutetea mbele ya yeyote: shujaa asiyechoka si shujaa, ni winchi. Ndiyo maana toleo la kwanza la Mhimili lilipoingia madukani Mbeya alilisoma palepale kwenye foleni, akalirudia ndani ya behewa linaloning'inia kwenye waya juu ya paa za Mwanjelwa, na alipofika kwake alikuwa ameshaamua kwamba hajawahi kusoma kitabu kingine chochote cha maana.

Mhimili hakuruka angani. Hakuwa na joho wala barakoa. Alikuwa mbeba mawe wa machimboni, mtu wa shati la gunia, ambaye siku moja kilima kilimwangukia naye akakibeba. Tangu hapo, kila kilichokuwa kinaanguka, iwe daraja, ghorofa au ukuta wa bwawa, yeye aliweka bega. Nguvu yake ilikuwa hiyo tu. Aliweka bega, akachoka, na goti la kushoto likamuuma.

Na msomaji aliuhisi uchovu huo. Kurasa za mguso zilikuwa zimezoeleka kwa miaka mingi: unaweka kiganja juu ya picha, karatasi inapata joto, na kile anachokihisi shujaa kinakupanda mkononi mpaka kifuani. Lakini vitabu vingine vilipata hisia zake kiwandani, zikachanganywa kama vionjo vya soda, na Sekela alizitambua hata akiwa amefumba macho. Hofu ya kiwandani ilikuwa na ladha ya bati. Furaha ya kiwandani ilikatika ghafla, kama umeme. Ya Mhimili haikuwa hivyo. Ya Mhimili ilikuwa na mtu ndani yake.

"Wana Genge!" alitangaza kwenye kipindi chake, Genge la Vibonzo, kilichosikilizwa kuanzia Tunduma hadi Njombe. "Toleo la nne, ukurasa wa mwisho. Anamtoa mtoto kwenye tope. Wekeni viganja, mnyamaze. Mmeipata hiyo? Hiyo inayopanda taratibu, halafu inakataa kushuka? Mimi nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nimelia mpaka ugali umeungua, na nikaula hivyohivyo. Atakayeniambia hiki ni kitabu cha watoto aje studio tuzungumze, nitamwekea kiti."

Hakuwaambia yote. Hakuwaambia kwamba tangu mama yake afariki alikuwa hajafurahi kwa namna ile, na kwamba kila alipojisikia mzito alikifungua kitabu kwenye ukurasa huo na kuweka kiganja, kama mtu anayeota moto.

Kwa hiyo mwandishi mwenyewe, Ritha Chengula, alipompigia simu mchana mmoja, Sekela aliketi sakafuni kabla hajajibu.

"Nimekuwa nikikusikiliza," Ritha alisema. "Kila hisia tunayoichapisha lazima kwanza ipite kwa mtu aliye hai. Tunamwita mpokezi wa kwanza. Yeye ndiye anayesema kama imetoka nzima. Toleo la saba ndilo zito kuliko yote, na sitaki aipokee mfanyakazi wangu. Namtaka mtu anayempenda Mhimili. Utakuja?"

"Dada Ritha," Sekela alisema, "hata ningekuwa naoa siku hiyo ningekuja."

"Wewe ni mwanamke."

"Basi ona nilivyochanganyikiwa."

*

Jumamosi iliyofuata Genge lilikutana kwenye ukumbi wa Uyole. Watu walikuja na mashati ya magunia, wengine na mawe ya kuchonga kwa boksi mabegani. Sekela alisimama juu ya meza akawatangazia kwamba yeye, shabiki mwenzao, ndiye atakayeligusa toleo la saba kabla ya binadamu mwingine yeyote. Walimbeba juujuu wakamzungusha ukumbi mzima.

Walipomshusha, alimkuta msichana mmoja amesimama karibu na mlango. Hakuvaa gunia. Alikuwa na sweta la chuo cha ualimu na uso wa mtu aliyesafiri kuja kugomba na kukuta sherehe.

"Shikamoo, dada. Naitwa Tumpe. Natoka Lusungo, kule Rungwe."

"Marahaba, Tumpe. Karibu Genge. Toleo gani unalipenda?"

"Sijawahi kusoma hata moja." Aliangalia chini, kisha akainua macho. "Yule mtoto wa toleo la nne, wa kwenye tope, ni mimi."

Sekela alicheka kidogo, akadhani ni utani wa mashabiki. Msichana hakucheka.

Walikwenda kuketi nje, kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi. Tumpe alieleza bila kupamba. Miaka ya nyuma, mvua zilipopitiliza, mlima wa Lusungo uliporomoka juu ya nyumba zao. Baba yake, Ambakisye, mkulima wa migomba, alichimba kwa mikono. Alimtoa Tumpe akiwa hai. Mdogo wake Tumpe, Gwamaka, aliushika mkono wa baba yake, kisha ukateleza.

"Halafu studio ikaanza kutafuta watu waliowahi kubeba kisichobebeka," Tumpe alisema. "Baba akaenda. Alidhani watamrekodi tu, kama sauti. Wakachukua uchovu wake wa siku ile, wakachukua woga. Kisha wakachukua ile furaha, ya aliponiona navuta pumzi."

"Wakairekodi," Sekela alisema.

"Wakaichukua, dada. Haipo. Baba anakumbuka kila kitu, hata nguo niliyovaa. Lakini zamani, kila nikirudi nyumbani likizo, alikuwa ananitazama kidogo kabla ya kunisalimia. Kama vile anahesabu baraka. Sasa ananisalimia. Anauliza kama basi lilichelewa." Alivuta sweta likafunika viganja. "Na nyie mnaigusa mnalia. Mnasema ni nzuri. Ni nzuri, najua ni nzuri. Ilikuwa yangu."

 Sekela alifikiria ukurasa ule wa mwisho uliochakaa pembe kwa kuguswa.

"Na toleo la saba?" aliuliza mwishowe.

"Ni Gwamaka," Tumpe alisema. "Wanataka msiba wake. Na baba anataka kuutoa."

*

Studio ilikuwa nje kidogo ya Tukuyu, nyumba ndefu ya kioo katikati ya mashamba ya chai. Sekela aliingia bila kubisha hodi mara ya pili. Ritha Chengula alikuwa mezani anachora, mwanamke wa makamo mwenye wino mpaka kwenye nyusi, na uso wake ulichangamka alipomwona mgeni. Ukachangamka kidogo zaidi ya alivyotegemea Sekela, na hilo likafanya iwe vigumu kumchukia.

"Nimeonana na Tumpe," Sekela alisema.

Ritha aliweka kalamu chini. "Sawa. Uliza."

"Kwa nini hamnakili?"

"Kwa sababu haiwezekani. Hisia ya kiwandani unaweza kuinakili upendavyo, kwa kuwa haikuwa ya mtu. Ya mtu inahama tu. Tulijaribu kunakili mwaka mzima, tukawa tunapata kivuli, kama picha ya chakula. Inapohama, mwenyewe anabaki na kumbukumbu: sura, maneno, mahali. Kinachoondoka ni uzito wake. Naye siku hizi anaelezwa hayo yote kabla hajaketi, Sekela. Simwibii mtu."

"Ikifika kwa mpokezi wa kwanza?"

"Inakaa kwako ikiwa na joto. Ukiona ni nzima, unaweka kiganja kwenye sahani ya chapa, inaondoka, inagawanyika kwenye nakala zote."

"Na ikishagawanyika inaweza kukusanywa?"

"Hapana."

"Nisipoweka kiganja kwenye sahani?"

Ritha alimtazama vizuri sasa. "Hakuna aliyewahi kukataa. Ila ikipoa ikiwa kwako, itaota mizizi kwako. Utakuwa nayo kama uliyopatwa mwenyewe."

"Inaweza kumrudia mwenyewe?"

"Kwa mtambo huohuo, hata baada ya miaka, maadamu haijachapwa. Lakini lazima awe anaitaka. Moyo haupokei kwa nguvu. Ukimsukumia asiyetaka, inagonga na kurudi." Alisimama, akaja karibu. "Sikiliza. Nilianza kazi hii baada ya kusoma barua za watu. Kuna mama mmoja Makambako alikuwa haamki kitandani. Toleo la nne lilimwamsha. Unataka kuniambia furaha ile ingekuwa na faida zaidi ikikaa ndani ya mzee mmoja Lusungo?"

Sekela alilijua jibu la swali hilo kwa upande mmoja tu, upande wa yule aliyeamshwa. 

Mlango wa pembeni ulifunguka, akaingia mwanaume mrefu, mabega mapana, anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Sekela alimtambua papo hapo. Kwa matoleo sita alikuwa amelibeba goti lile mwilini mwake.

"Shikamoo, baba," alisema. Alikuwa ameota mara nyingi kukutana na Mhimili, na siku zote katika ndoto hizo alikuwa na maneno mengi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa redioni? Unaongea sana." Ambakisye alicheka, akaketi, akanyoosha mguu. "Usiogope. Mambo ya Tumpe nayajua. Amekuja kwako, siyo?"

"Amekuja. Baba, ile furaha. Umeshaisoma kitabuni?"

"Niliisoma. Niliweka kiganja kama nyie." Alikitazama kiganja chake. "Nikamsikia mtu mwenye furaha kubwa sana. Nikamwonea wivu."

 Nje wachuma chai walikuwa wanaitana kwenye mistari.

"Basi kwa nini unatoa tena?" Sekela aliuliza. "Mara ya kwanza hukujua. Sasa unajua."

"Ndiyo maana natoa. Ile ya kwanza nilipoteza nisichotaka kupoteza. Hii nataka iende." Hakupaza sauti, alizungumza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali. "Nikiamka asubuhi, kabla sijakumbuka jina langu, nakumbuka mkono wake unavyoteleza. Kila asubuhi. Nikishika sabuni, mkono wake. Nikishika samaki. Tumpe anadhani nikiutoa msiba nitamtoa na mtoto. Labda. Lakini Tumpe hashiki sabuni yangu. Nimebeba vya kutosha, binti."

Sekela alikuwa amekuja na hotuba. Alikuwa ameipanga njia nzima, akaigawa vizuri kama anavyopanga vipindi vyake. Mbele ya mtu huyu haikuwa na kazi. Ni yake, alijiambia. Mtu ana haki ya kutua mzigo wake. Hilo halina ubishi.

"Nitapokea," alisema. "Ila nina sharti moja. Tumpe awepo chumbani."

Ambakisye alikunja uso, akafikiri, akakubali kwa kichwa. Ritha akakubali pia, kwa sababu alikuwa ameshinda, au aliamini hivyo.

*

Chumba cha mtambo kilikuwa kidogo na safi: viti viwili vinavyotazamana, kila kimoja na sahani ya shaba pembeni pa kuweka kiganja, na sahani ya tatu, kubwa zaidi, ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa ya chapa. Tumpe alisimama kwenye kona, mikono ameifunga kifuani. 

"Usipigane nayo," Ritha alimwelekeza Sekela. "Iache ije."

Shaba ikapata joto.

Alitegemea giza. Alikuwa na msiba wake mwenyewe, wa mama yake, na alidhani anajua rangi ya kitu hicho. Lakini kilichomjia kwanza kilikuwa uzito mdogo mgongoni, wa mtoto aliyelala akirudishwa kutoka shamba, na mate yake yakilowanisha kola. Halafu harufu ya utomvu wa migomba kwenye shati dogo. Halafu sauti inayokosea kusema "kabisa," inasema "kabitha," na kwa makusudi haisahihishwi na mtu yeyote nyumbani. Vilikuja kimoja baada ya kingine, vyote vikiwa na joto, na kila kimoja kilikuwa kimefungwa kamba, na kamba zote ziliishia mahali pamoja, kwenye tope, kwenye vidole vidogo vitano vinavyoshika, vinavyoshika, vinavyoteleza.

Alipiga kelele. Alijua hivyo baadaye, kwa sababu koo lilimuuma.

Alipofumbua macho, Ambakisye alikuwa ameshasimama. Alijinyoosha, mikono juu, mgongo ukalia. Uso wake ulikuwa umepungua miaka.

"Nyie," alisema kwa mshangao wa kweli. "Nina njaa."

"Baba," Tumpe aliita kutoka kwenye kona. "Gwamaka."

"Ee?"

"Nimesema Gwamaka."

"Ndiyo. Mdogo wako." Ambakisye alitikisa kichwa kwa huruma. "Alifariki kwenye maporomoko. Maskini."

Alilisema neno hilo kwa upole, kama linavyosemwa kwa mtoto wa jirani wa mbali. Tumpe aliweka mkono mdomoni. Na Sekela, ambaye hakuwahi kumwona Gwamaka hata kwenye picha, alitaka kusimama amshike mzee yule kwenye shati na kumwambia, unamzungumzia mwanao, unamzungumzia yule wa "kabitha." Alijizuia.

"Baba," alisema, kila neno akilivuta kwa nguvu. "Iko hapa. Bado ina joto. Unaitaka?"

Ambakisye alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Yeyote aliyekuwepo angekiri hivyo. Alimtazama binti yake analia. Aliutazama mkono wake mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Msinione mbaya. Najua ningepaswa kuitaka. Lakini siitaki."

"Basi," Ritha alisema kwa sauti ya chini. "Amesema kabla na amesema baada. Sekela, ni nzima?"

"Ni nzima."

"Sahani ya chapa iko nyuma yako. Wahi, inapoa."

Sekela aligeuka akaiona. Na kwa kuwa alikuwa shabiki kabla ya kuwa kitu kingine, aliona pia toleo lenyewe: Mhimili amepiga magoti kwenye tope, bega lililobeba vilima limeshindwa na mkono mmoja mdogo. Hakujawahi kuchapishwa kitu kama hicho. Watu wangelisoma miaka hamsini. Yule mama wa Makambako angeweka kiganja na kujua kwamba si yeye peke yake. Na yeye mwenyewe, kama angekuwa amekaa jikoni kwake bila kujua lolote, angelia, angeunguza ugali, na angeshukuru.

Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsogeza. Mzee ametua mzigo, na ni haki yake. Lakini mtu akitua mtungi chini hajasema uvunjwe. Leo hautaki. Siku akiutaka atakuta nini, vipande elfu hamsini kwenye viganja vya watu wasiomjua?

Aliingiza mikono yake kwapani.

"Sekela," Ritha alisema.

"Naisubiri ipoe."

"Usifanye utoto. Ile ni mali ya studio."

"Basi njoo uichukue." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Dada Ritha, mimi ni shabiki wako na nitabaki shabiki wako. Lakini hii siipeleki popote. Nitakaa nayo mpaka mwenyewe aitake, na asipoitaka nitazikwa nayo."

"Unajua unachosema? Utaamka nayo kila asubuhi. Mkono wa mtoto ambaye si wako."

"Nimeshaamka na mama yangu. Njia naijua."

Ritha alipiga hatua moja, kisha akasimama. Labda angeweza kumwita mtu. Labda alimkumbuka mzee aliyekuwa bado amesimama pale kati yao, akiwatazama wanawake watatu wanaogombea kitu ambacho yeye hakukiona tena. Shaba ilibadilika rangi taratibu, kutoka nyekundu ya chai hadi kahawia. Sekela aliuhisi msiba ukishuka, ukipita kifuani, ukitafuta pa kukaa. Ukapata mahali, karibu na ule wa mama yake.

"Jamani," Ambakisye alisema, "hamna hata kiporo?"

Tumpe ndiye aliyempeleka kula.

*

Toleo la saba halikutoka. Sekela alieleza mwenyewe kwenye kipindi, bila kutaja kijiji wala jina la mtu: jinsi hisia zinavyopatikana, kinachobaki kwa mwenye nazo, na alichokifanya yeye. Hakuomba radhi. Nusu ya Genge walimhama. Mmoja aliandika kwamba amemuua Mhimili. Mwingine akamrudishia shati la gunia mlangoni, limefuliwa na kupigwa pasi. Waliobaki walianza kubishana, wiki baada ya wiki, kama inafaa kuligusa toleo la nne au liachwe limefungwa, na Sekela aliwaacha wabishane kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajalifungua tena wala hajalitupa. Studio nyingine mbili zikatangaza kwamba hisia zao zote ni za kiwandani, tena kwa fahari.  Mwishowe Ritha akatuma ujumbe wa mstari mmoja: alikuwa anajaribu upya kunakili.

Asubuhi zilikuwa kama Ambakisye alivyosema. Sabuni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Lakini Sekela alijifunza kwamba kamba ile iliyoishia kwenye tope ilikuwa na upande wa pili, na kwamba ukiishika vizuri unaweza kuipanda kurudi juu, mpaka kwa mtoto. Tumpe alikuja siku za mapumziko. Walikaa barazani, wakamenya viazi, wakamzungumzia Gwamaka kama watu wawili waliomjua. Mara nyingine walicheka mpaka majirani wakachungulia.

Mvua zilikuja, zikaisha. Siku moja alasiri Sekela alikuwa anaanika kitenge akamwona mtu mrefu anapanda njia, anachechemea. Ambakisye alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani, na aliutua mlangoni kwa uangalifu.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja kuichukua," alisema kabla hajaketi. "Nisikudanganye. Nalala vizuri, nakula vizuri."

"Sawa, baba."

Alikunywa chai nusu kikombe. Kisha akasema, "Jana Tumpe alikuwa anacheka peke yake jikoni. Nikamuuliza kuna nini. Akasema amekumbuka Gwamaka na baiskeli. Nami nakumbuka, ujue. Nilimfundisha mwenyewe, njia ya kwenda mashineni. Ilikuwa ya kijani, kengele mbovu. Yote nayakumbuka." Alikizungusha kikombe mezani. "Nikasimama mlangoni namtazama mwanangu anacheka, nami najua kila kitu anachokichekea, na sikuwa na pa kuingilia."

Sekela alimwongezea chai.

"Wewe unacho," Ambakisye alisema. "Nieleze. Usinieleze kilichotokea, hicho nakijua. Nieleze ilikuwaje."

Sekela aliifunga mikono yake mapajani, akaipanda ile kamba mpaka akaifikia baiskeli.

"Ulikuwa umeshika tandiko kwa nyuma," alisema. "Pale kwenye mteremko ukaliachia, naye hajui. Anapiga kelele, 'Baba usiniachie,' nawe unamjibu, 'Sijakuachia,' na mikono iko mitupu. Ukaendelea kukimbia nyuma yake hivyohivyo, umeinama, unajifanya umeshika. Ungeweza kusimama. Hukutaka asikie hatua zako zinakoma."

"Naam. Na kifuani?"

"Kifuani palikuwa panauma, baba. Palikuwa panauma sana. Lakini ni maumivu ambayo mtu angekuja kukutibu ungemfukuza."

 Mkono wa Ambakisye ulipanda wenyewe ukajiweka upande wa kushoto wa shati, ukapapasa pale, ukahama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Hapa?" aliuliza.

"Juu kidogo. Hapo."

Aliuacha mkono pale.

"Endelea," alisema.